Gobori la babu si chuma chakavu

Wakazi wa mtaa wa Buruburu jijini Nairobi hupita kila siku katika barabara mbili ambazo majina yake hayawashughulishi hata kidogo. Ya kwanza ni Rabai Road na ya pili ni Mumias South Road. Abiria humtajia utingo wa matatu mojawapo ya majina hayo, hushuka na kwenda zake. Lakini msomaji mpendwa, Rabai na Mumias ni majina mawili makubwa katika historia ya misafara ya karne ya 19, misafara iliyopeleka nguo, shanga na bunduki huko bara na kurudi pwani na pembe za ndovu. Rabai iko karibu na Mombasa. Mumias iko magharibi mwa nchi, alikotawala Nabongo Mumia wa Wanga, na ndiko wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikopiga kambi wakitafuta pembe.

Bunduki iliyosafiri na misafara hiyo ndiyo ile tunayoiita gobori. Yapo magobori ambayo hayajapotea hadi leo. Mengine yamo katika majumba ya makumbusho, mengine yamelala juu ya dari za nyumba za wazee mashambani, yamefungwa kwa gunia na kusahauliwa. Siku moja mzee anafariki, wajukuu wanagawana vitu, na kitu kirefu kilichojaa kutu kinaletwa Nairobi ndani ya buti ya gari. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, kitu hiki kisafishwe na kutundikwa ukutani? Kiuzwe? Kitupwe? Au kina hatari?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kuangalia kazi ya watu wanaokusanya na kutengeneza bunduki za kale, hasa zile za Marekani, na somo ambalo familia ya Buruburu inaweza kulipata kwao.

Gobori ni nini?

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomoni. Mpigaji humimina baruti ndani ya kasiba, akatia risasi iliyofungwa kwa kitambaa au karatasi, kisha akashindilia yote kwa ufito uitwao mdeki. Akimaliza kupiga mara moja, hurudia kazi hiyo yote tangu mwanzo. Simba akikosewa kwa risasi ya kwanza, mwindaji hana budi kutumia miguu.

Namna ya kuwasha baruti ndiyo iliyobadilika. Bunduki za kale kabisa ziliwashwa kwa mrao, yaani utambi unaowaka polepole. Zikafuata za gumegume, ambazo hutumia jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Mvua ikinyesha au jiwe likichakaa, bunduki hukataa kulia, na si ajabu kwamba hadi leo mwanamume asiye na faida nyumbani kwake huitwa mume gumegume. Kuanzia miaka ya 1820 ikaenea bunduki ya fataki, ambayo kikombe kidogo cha shaba chenye dawa hugongwa na nyundo ili kuwasha baruti hata wakati wa manyunyu.

Jambo jingine la kutofautisha ni kasiba yenyewe. Gobori la kawaida lina kasiba laini kwa ndani, na risasi yake haiendi mbali kabla ya kupotea njia. Aina ya pili ina mifereji inayozunguka ndani ya kasiba. Mifereji hiyo huizungusha risasi, na risasi inayozunguka huenda moja kwa moja. Aina hii ndiyo wakusanyaji wa Marekani wanayoienzi zaidi, kwa kuwa mafundi wa huko waliifanya kuwa kazi ya sanaa.

Kutoka Salem hadi Unguja

Huenda msomaji akauliza Marekani inahusianaje na Rabai. Inahusiana sana. Mnamo Septemba 21, 1833, mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said huko Muscat. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akaanza kazi Zanzibar, miaka kadhaa kabla ya Uingereza kuweka konseli wake kisiwani humo. Waters alitoka Salem, bandari ndogo katika jimbo la Massachusetts, na meli za Salem ndizo zilizoleta kile kitambaa ambacho mabibi zetu walikiita merikani.

Katika mkataba huo mna kifungu kinachohusu silaha. Kilisema kwamba kisiwani Unguja Wamarekani wangeweza kuuza bunduki, baruti na risasi kwa serikali ya Sultani peke yake, lakini katika bandari nyingine zote za Sultani wangeweza kuziuza bila kizuizi kwa yeyote aliyetoa bei kubwa. Sultani alijua kulinda nyumba yake mwenyewe. Bara ikaachiwa soko huria.

Miaka saba baadaye meli ya Sultani, al-Sultanah, ilitia nanga New York, tarehe 30 Aprili 1840, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Iliporudi Zanzibar ilibeba nguo, shanga, bunduki na baruti. Shehena hiyo moja inaonyesha biashara yote ya karne ile jinsi ilivyokuwa.

Baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilibadilisha mambo. Majeshi ya Marekani na Ulaya yalianza kuacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua zile zinazopakiwa kwa nyuma. Magobori yaliyoachwa na majeshi yakauzwa bei ya kutupa, na mengi yakaelekea Afrika. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia huko.

Ndipo mataifa makubwa yalipokutana Brussels na kutia sahihi mapatano ya Julai 2, 1890. Mapatano hayo yalizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yaliruhusu nchi zilizotawala kuendelea kutoa bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika angeweza kupata bunduki iliyopitwa na wakati, na Mzungu angebaki na ile iliyo bora. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya gobori lidumu kwetu muda mrefu baada ya kwingine kulisahau.

Tusidanganyane kwamba gobori lilikuwa pambo. Liliua ndovu kwa maelfu, na katika njia nyingi lilitumiwa kuwateka watu na kuwatia utumwani. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anasema jina lake hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wakati mwingine, hata hivyo, silaha hiyo iliokoa maisha kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1851 mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametoka Rabai kwenda Ukambani, alinusurika shambulio ambalo mwenyeji wake, Kivoi, aliuawa. Akiwa peke yake porini bila chombo cha maji, Krapf aliteka maji mtoni kwa kasiba za bunduki yake na kuziziba kwa nyasi. Hatuhitaji kuambiwa maji ya kasiba yana ladha gani.

Wanaozikusanya Marekani

Huko Marekani kukusanya bunduki za kushindilia ni jambo la kawaida. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1933, na makao yake yako katika kijiji kiitwacho Friendship, jimbo la Indiana. Wanachama hukutana kulenga shabaha, kubadilishana vipuri na kufundishana ufundi. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo kuwa kitu cha kale, na kwa hiyo haibanwi kama silaha ya kisasa.

Kati ya bunduki wanazozitafuta zipo zile ndefu za Pennsylvania, zilizoundwa katika karne ya 18 na mafundi wenye asili ya Kijerumani na Kiswisi. Zina kitako cha mbao yenye mawimbi mazuri na kijisanduku cha shaba cha kuwekea vitambaa. Zipo pia zile za kaka wawili, Jacob na Samuel Hawken, wa mji wa St. Louis, fupi na nzito, zilizopendwa na wawindaji wa milimani.

Lakini mkusanyaji hasa hupenda kitu kisicho cha kawaida. Mfano ni bunduki ambayo nyundo yake iko chini ya kasiba badala ya ubavuni. Mafundi wa majimbo ya kaskazini mashariki, mmoja wao akiwa Nicanor Kendall wa Windsor, Vermont, waliziunda kwa wingi katika miaka ya 1830 na 1840. Moto wake hulipuka chini, mbali na macho ya mpigaji. Mfano mwingine ni bunduki ya Samuel Colt iliyotengenezwa mjini Paterson, New Jersey, kabla ya kampuni yake ya kwanza kuanguka mwaka 1842. Hiyo ina gurudumu lenye matundu kadhaa, na kila tundu hushindiliwa baruti na risasi kwa mbele. Ubaya wake ni kwamba cheche zikiruka, matundu yote yangeweza kulipuka kwa pamoja na kujeruhi mkono ulioshika mbele.

Bunduki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mkono, moja moja. Skrubu ya moja haiingii katika nyingine. Kipande kikipotea, fundi hana budi kukifua mwenyewe kwa kuangalia alama kilizoziacha kwenye mbao. Wale wanaowafahamu mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaotazama tu bati lililovunjika wakajua lilivyokuwa, wataielewa kazi hiyo mara moja.

Fundi hana haraka

Jambo la kwanza analolifanya fundi mzoefu ni kuhakikisha kwamba bunduki haina kitu ndani. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haiharibiki. Yaweza kulipuka hata baada ya miaka mia moja. Fundi huingiza ufito mwembamba wa mbao ndani ya kasiba mpaka ukome, akatia alama kwenye mdomo, kisha akautoa na kuulaza nje ya kasiba. Ukifika kwenye tundu la moto, kasiba ni tupu. Ukipungua kwa vidole viwili au vitatu, mna mzigo ndani, huenda alioushindilia mtu aliyekwisha kuzikwa zamani.

Hili si jambo la kufanyia mzaha. Mwaka 2008 mkusanyaji mmoja katika jimbo la Virginia, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliuawa nyumbani kwake na kombora la mzinga la vita vya 1861 hadi 1865 alipokuwa akilishughulikia. Vita vilikuwa vimekwisha zaidi ya miaka 140.

Jambo la pili ni kutofautisha kutu na kutu. Kutu nyekundu yenye unga inaendelea kula chuma na ni lazima ikomeshwe. Ile rangi ya kahawia iliyokolea, laini kama ganda la kahawa iliyokaangwa, ni ngozi ya chuma chenyewe. Inakilinda na inaonyesha umri wake. Fundi mwema hupaka mafuta, akaacha siku kadhaa, kisha akasugua taratibu kwa kitu kilicho laini kuliko chuma, kama shaba. Mbao huzifuta vumbi na kuzipaka mafuta ya kitani au nta kidogo sana. Hatumii msasa wala vanishi, wala ule waya wa kusugulia sufuria.

Kwa nini awe mwangalifu hivyo? Kwa sababu alama ndizo habari. Jina la kiwanda, mwaka, mhuri wa mkaguzi na herufi alizochonga mwenyewe kwa kisu, vyote vimo katika unene mdogo kuliko ukucha. Ukisugua mpaka ing'ae kama kijiko kipya, umefuta barua kabla ya kuisoma. Huko Marekani bunduki iliyong'arishwa kupita kiasi hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, na fundi mwaminifu akiongeza kipande kipya huandika ili mnunuzi asidanganyike.

Ubishi mkubwa kati yao ni kuhusu bunduki za gumegume zilizogeuzwa kuwa za fataki na wenyewe wa zamani. Wengine hupenda kuzirudisha zilivyokuwa mwanzo. Wengine husema kwamba kugeuzwa huko nako ni historia, maana mwenye bunduki alifikiri, akatoa pesa na kwenda kwa fundi. Mwandishi wa makala haya anaungana na hawa wa pili. Kwetu pia gobori lililofungwa kwa waya au kwa ngozi ya mbuzi linasimulia mambo kuliko lililorekebishwa likawa kama jipya.

Sheria yetu ni nyingine

Hapa ni lazima tuseme wazi. Mambo yanayoruhusiwa Indiana hayaruhusiwi Buruburu kwa sababu tu umeyasoma gazetini. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye bunduki anatakiwa kuwa na cheti. Usijiamulie mwenyewe kwamba gobori lako ni pambo; hiyo ni kazi ya maafisa wa leseni. Wala usimpe fundi wa mtaani alifufue mpaka lilie. Huko ni kutengeneza silaha, na kumekwisha kuwaponza wengi. Ng'ambo ya mpaka, polisi wa Tanzania hadi leo huyakamata magobori ya kienyeji mikononi mwa majangili, kwa hiyo afisa hana sababu ya kuamini kwamba lako ni la makumbusho tu.

Ipo sheria ya pili ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, kuwa kitu cha kale cha taifa, isipokuwa vitabu na hati. Kitu kama hicho hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Gobori lililopita Rabai wakati wa misafara linaweza kuangukia sheria zote mbili kwa pamoja. Basi mgeni akikupa dola ili aondoke nalo, jua kwamba anakununulia kesi.

Serikali nayo huziharibu silaha haramu. Novemba 2016 zaidi ya 5,000 zilichomwa moto huko Ngong, na hakuna mpenda amani atakayelalamika. Lakini gobori la karne ya 19 likisalimishwa kimyakimya, bila mtu kusema lilitoka wapi, linaweza kuishia katika lundo kama hilo. Kwa upande mwingine, likifichwa linaweza kumpeleka mjukuu kortini. Njia iliyo salama iko katikati, nayo inahitaji familia iwe na maneno ya kusema.

Familia ifanye nini?

Tuseme nyumba ya Buruburu inaongezwa vyumba, kama nyingi zilivyofanywa tangu mtaa ulipojengwa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na katika kuhamisha masanduku mnalikuta gobori. Msiliguse zaidi ya lilivyo. Wekeni watoto mbali, wala msivute kitu chochote ili kuona kama kinafanya kazi. Msilipakie ndani ya matatu kulipeleka kituoni. Abiria watakaoona kasiba hawatangoja maelezo yenu. Iteni polisi waje, au mmoja wenu aende akaeleze. Wakati huohuo waandikieni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, mkiambatanisha picha, na muwaombe polisi wasubiri maoni ya wataalamu. Mombasa, ngome ya Fort Jesus imekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka 1960, na vyuma vya karne nyingi vinatunzwa humo.

Kisha fanyeni kazi ambayo fundi yeyote hawezi kuwafanyia. Keti na shangazi, babu mdogo au jirani wa shambani aliyebaki, mrekodi kwa simu. Nani alilinunua, kwa pembe au kwa ng'ombe wangapi? Lilitumika kulinda mimea, kuwinda au kuwakamata watu? Kama jibu la mwisho linaleta aibu, liandikeni vilevile. Aibu iliyoandikwa inawafaa wajukuu kuliko sifa ya uongo.

Mjini Salem, jumba la makumbusho la Peabody Essex linatokana na chama cha mabaharia kilichoanzishwa mwaka 1799, na hadi leo linatunza kumbukumbu za biashara ile ya Zanzibar. Wauzaji waliandika daftari zao na kuzihifadhi. Wanunuzi wa huku walihifadhi vichwani, na vichwa hivyo vinazikwa kila mwezi. Krismasi ijayo mkienda mashambani, kabla hamjauliza nani atachukua ng'ombe na nani atachukua shamba, mwulizeni mzee ni nini kile kilichofungwa kwa gunia juu ya dari.